Sura ya Tano: Flora MacDonald, Mlinzi wa Mkimbizi

Katika mwaka 1746 serikali ya Mfalme George wa Pili wa Uingereza ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mtu yeyote atakayemtia mbaroni Charles Edward Stuart atapewa tunzo ya paundi 30,000. Fedha hizo, kwa hesabu za zama zile, zilikuwa mali ambayo mkulima wa visiwa vya magharibi ya Uskoti, aliyelala chini ya paa moja na ng'ombe wake na kushukuru Mungu kwa bakuli la uji wa shayiri, asingeweza kuikusanya hata kama angepewa umri wa watu mia. Mkimbizi huyo alitangatanga miezi mitano katika nchi ya watu wa namna hiyo. Akalala katika vibanda vyao, akala chakula chao, akavushwa katika mashua zao, na waliomjua walikuwa wengi. Walakini tunzo ile haikulipwa kwa mtu awaye yote. Sura hii ni habari ya mmoja wa watu hao, mwanamke wa umri wa miaka 24, ambaye kwa siku chache tu alibeba dhima ya uhai wa mtu mwingine, kisha akaishi miaka arobaini na zaidi akiwa na sifa ya siku zile.

Flora MacDonald alizaliwa mwaka 1722 katika shamba la Milton, kisiwani South Uist, kimoja cha visiwa vya Hebrides vilivyojipanga baharini magharibi ya bara la Uskoti. Nchi hiyo ni ya pepo na mvua, ardhi yake nyingi ni maziwa na matope, na watu wake wakati ule walisema Kigaeli, wakafuga ng'ombe, wakalima shayiri na kuvua samaki, wakijihesabu wote kuwa ni watoto wa koo zenye wakuu wao waliotiiwa kama baba atiiwavyo nyumbani. Baba yake, Ranald MacDonald, alifariki Flora angali mtoto. Mama yake, Marion, akaolewa tena na Hugh MacDonald wa Armadale, katika kisiwa cha Skye, na shamba la Milton likabaki mikononi mwa ndugu yake Flora aliyeitwa Angus. Hivyo binti huyu alikuwa na jamaa pande zote mbili za mlango wa bahari uitwao Minch, na kwenda kwake na kurudi baina ya visiwa hivyo kulikuwa jambo la kawaida lisilomtia mtu shaka. Na ilikuwa ni hali hiyo ya kawaida, zaidi ya kitu kingine chochote, iliyowafanya watu wenye shida kuu wamkumbuke.

Shida hiyo ilikuwa na asili ya mbali. Mfalme James wa Pili, wa ukoo wa Stuart, alipoteza kiti cha enzi mwaka 1688, wakati alipokimbia London, na tangu hapo mwanawe na wajukuu wake waliishi ugenini wakidai urithi wao. Mjukuu wake Charles, aliyezaliwa Rumi mwisho wa mwaka 1720, alishuka katika kisiwa kidogo cha Eriskay, karibu kabisa na South Uist, mwezi wa Julai 1745, akiwa na wafuasi wachache na ahadi nyingi. Mwezi wa Agosti alipandisha bendera yake Glenfinnan. Mwezi wa Septemba alilishinda jeshi la serikali Prestonpans. Na mapema mwezi wa Desemba alifika Derby, katikati ya Uingereza, ambako makamanda wake, walipoona kwamba msaada wa Ufaransa haukuja na kwamba Waingereza hawakuinuka kumfuata, walimlazimisha arudi nyuma. Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanda wa Culloden karibu na Inverness, majeshi yake yenye njaa na usingizi yalikutana na mizinga ya William, Mtawala wa Cumberland, na kwa muda usiotimia saa moja wafuasi wake zaidi ya 1,000 waliuawa. Waliojeruhiwa hawakuhurumiwa, vijiji vilichomwa moto, mifugo ikachukuliwa, na mwana huyo wa wafalme akakimbilia baharini, akarejea katika visiwa alikoanzia.

Kufikia mwezi wa Juni njia zilikuwa zimemfunga. Manowari za serikali zilizunguka baina ya visiwa, askari wa mgambo walilinda vivuko, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kutoka kisiwani pasipo hati. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni, Flora alikuwa katika kibanda cha wachungaji mlimani, akiangalia ng'ombe wa ndugu yake katika malisho ya kiangazi kama ilivyokuwa ada ya wanawake wa nchi ile, mara akaamshwa na Neil MacEachen, jamaa yake, pamoja na Félix O'Neill, askari Mwairishi wa jeshi la Ufaransa. O'Neill alimweleza maarubu yake: kwamba Charles avishwe nguo za kike, ajifanye mtumishi, naye Flora amvushe mpaka Skye. Mwenyewe Charles alikuwa nje gizani akingoja. Flora, kwanza, alikataa. Alisema kwamba Sir Alexander MacDonald wa Sleat, mkuu wa ukoo katika Skye, alikuwa upande wa serikali, na kwamba jambo hilo likijulikana litawaangamiza jamaa zake. Ndipo Charles alipoingizwa kibandani, akiwa amechoka na nguo zake zimechakaa, na Flora akampa bakuli la malai, kwa kuwa ndilo lililokuwapo. Baada ya kumwona na kumsikia, alikubali.

Nawaomba wasomaji wasikupite haraka kukataa kule kwa kwanza, maana ndani yake mna heshima kubwa kuliko ambavyo ingekuwa kama angeruka na kusema ndiyo. Watunzi wa nyimbo na hadithi, wengi wao wakiwa wa zama za baadaye sana, walipenda kumwonyesha Flora kuwa ni msichana aliyevutwa na mapenzi ya kijana mzuri wa kifalme. Lakini habari zilizoandikwa kutoka katika vinywa vya waliokuwapo hazionyeshi mapenzi ya namna hiyo. Zinaonyesha mwanamke aliyepima hatari, akaitaja kwa jina lake, akawafikiria watu watakaoumia, kisha akaona mbele yake binadamu ambaye akigeuzwa mlangoni atakufa. Tena dini zao zilikuwa mbili, yeye Mprotestanti na mgeni Mkatoliki, katika karne ambayo watu waliuana kwa tofauti hiyo. Aliyemkubali hakuwa mpenzi, wala kwa hakika hakuwa mfalme, bali mtu aliyeomba hifadhi.

Kazi ilianza kwa mkosi. Flora alipokuwa njiani kwenda Benbecula kutafuta msaada, alikamatwa kivukoni na askari wa mgambo kwa kuwa hakuwa na hati, akashikwa usiku kucha. Asubuhi alifika kamanda wao, naye hakuwa mwingine ila Hugh MacDonald, baba yake wa kambo, aliyeshika cheo katika jeshi la serikali huku moyo wake ukiwa upande mwingine. Kutoka kwake Flora alipata hati iliyokuwa ikitakiwa: ruhusa ya kusafiri kwenda Skye kwa mama yake, pamoja na mtumishi wa kiume, ambaye ndiye Neil MacEachen, na mwanamke Mwairishi aitwaye Betty Burke, fundi wa kusokota nyuzi. Kamanda alimwandikia mkewe barua akimsifu fundi huyo ambaye hakupata kuzaliwa, na akampa Flora aichukue.

Nguo za Betty Burke zilitengenezwa kwa msaada wa Bibi Clanranald, mke wa mkuu wa ukoo katika visiwa vile: gauni la pamba jeupe lenye marembo ya vijitawi vya maua, sketi ya ndani ya kitambaa kizito, kofia ya kike, na joho lenye kifuniko cha kichwa ambacho kingeweza kuuficha uso. Tarehe 27 Juni wanawake hao waliipeleka bahasha ya nguo mahali Charles alipojificha karibu na pwani, wakamkuta akichoma moyo na maini ya mnyama katika kijiti juu ya moto. Walikaa kula pamoja naye, lakini habari ilikuja kwamba Jenerali Campbell ameshuka Benbecula na askari wengi, ikawabidi waondoke mbio. Siku iliyofuata Bibi Clanranald alirudi nyumbani kwake kukabili maswali ya maafisa. Charles alipokwisha kuvishwa alitaka kuchukua bastola chini ya gauni, na Flora akamkatalia katakata, kwa hoja kwamba ikiwa watapekuliwa, silaha hiyo itatangaza yale yote ambayo nguo zilikusudiwa kuyaficha. Mwana wa wafalme alitii.

Jioni ya tarehe 28 Juni waliingia katika mashua ya makasia na tanga, pamoja na mabaharia wachache, wakaelekea Skye. Usiku uligeuka kuwa wa upepo na mvua, kisha ukungu, na kwa muda hawakujua walikuwa wapi. Charles aliimba nyimbo ili kuwatuliza wenziwe. Na Flora, aliyekuwa amechoka kwa siku nyingi za mashaka, aliposhikwa na usingizi sakafuni mwa mashua, inasimuliwa kuwa Charles alikaa karibu kumlinda asije akakanyagwa gizani na baharia. Kulipokucha walikaribia rasi ya Waternish, na askari waliokuwa pwani wakawafyatulia risasi; mabaharia wakavuta makasia, wakaponyoka, na baadaye mchana, siku ya Jumapili, wakatia nanga karibu na nyumba ya Monkstadt, upande wa kaskazini wa Skye.

Monkstadt ilikuwa nyumba ya yule yule Sir Alexander ambaye Flora alimwogopea. Mwenyewe alikuwa safarini katika kambi ya Cumberland, na mkewe, Bibi Margaret, aliyekuwa na huruma na mkimbizi, alikuwa na wageni, mmoja wao akiwa afisa wa mgambo aliyetumwa kulinda pwani. Charles aliachwa ufukoni akikaa juu ya sanduku kwa sura ya mtumishi. Flora aliingia ndani, akaketi mezani pamoja na afisa yule, akajibu maswali yake juu ya safari na habari za Uist, akala na kuzungumza kwa utulivu, ilhali katika chumba kingine Bibi Margaret, huku akitetemeka kwa hofu, alikuwa akishauriana na Alexander MacDonald wa Kingsburgh, msimamizi wa mashamba ya ukoo, juu ya njia ya kumwondoa mgeni. Katika mambo yote aliyotenda Flora, mimi naona hili ndilo kubwa. Maana baharini kulikuwa na mashujaa wengine na makasia, lakini mezani pale alikuwa peke yake, na silaha aliyokuwa nayo ilikuwa ni uso wake na ulimi wake.

Iliamuliwa kwamba Charles aende kwa miguu mpaka nyumbani kwa Kingsburgh. Njiani watu waliokuwa wakitoka kanisani walistaajabia mtumishi mrefu mwenye hatua za kiume, ambaye alipofika penye kijito alipandisha nguo zake juu kupita kiasi, na alipokanywa, katika kijito cha pili aliziacha zikaelea majini. Mke wa Kingsburgh, alipoamkiwa na mgeni huyo kwa busu la shavuni, alihisi ndevu, akamwendea mumewe kwa hofu na kumwuliza ni nani aliyemleta. Na alipojua, alisema kwamba sasa wote watanyongwa. Mumewe akamjibu kwamba mtu hufa mara moja tu, na kwamba hawangeweza kufa kwa sababu njema kuliko hiyo. Kisha wakampa mgeni chakula na kitanda chenye mashuka safi, ambavyo hakuwa amevipata kwa majuma mengi.

Kesho yake, baada ya Charles kubadili nguo msituni na kuvaa mavazi ya wanaume wa milimani, yeye na Flora walikutana tena katika nyumba ya wageni ya mji mdogo wa Portree. Mashua ya kumpeleka kisiwa cha Raasay ilikuwa tayari. Alimlipa Flora nusu krauni aliyokuwa amemkopa njiani, akambusu mkono, akamshukuru, akasema anataraji kuwa siku moja watakutana katika kasri ya London. Akatoka katika mvua ya usiku. Hawakuonana tena. Basi mtu huyo ambaye kichwa chake kilikuwa na bei ya paundi 30,000 aliachana na mwokozi wake kwa malipo ya nusu krauni, na Flora hakudai zaidi.

Charles alifaulu kupanda jahazi la Kifaransa mwezi wa Septemba mwaka ule. Gharama ya kufaulu kwake walilipa wengine. Mabaharia waliorudi Uist walikamatwa, wakatishwa, na yale ambayo fedha haikuwatoa yalitolewa na vitisho. Kwa hiyo baada ya siku chache tu Flora alitiwa mbaroni. Kingsburgh alifungwa mwaka mzima Edinburgh, na O'Neill naye alikamatwa. Flora, aliyekuwa amefika kwa mama yake bila kumfunulia lolote, ili mama asije akawa na hatia ya kujua, alipelekwa katika manowari iitwayo Furnace, chini ya Nahodha John Ferguson aliyeogopwa visiwani kwa ukatili wake. Bahati yake ilikuwa kwamba Jenerali Campbell alimtendea kwa staha, akamruhusu kumwaga mama yake na kuchukua mtumishi wa kike. Alikaa kwa muda katika meli bandarini Leith, ambako mabibi wa Edinburgh walikuja kumwona, wakacheza dansi melini; yeye hakucheza, kwa kuwa hakuwa na hakika bado kama mtu aliyemvusha yu salama.

Mwisho wa mwaka 1746 alifikishwa London, akawekwa kizuizini katika nyumba ya mjumbe wa serikali, akaachiwa mwaka 1747 kwa sheria ya msamaha. Mji uliokuwa umewanyonga wenzake wa upande ule ulimpokea kwa taadhima. Richard Wilson na Allan Ramsay walimchora, na matajiri walimchangia fedha. Yasemwa kwamba Frederick, mwana wa Mfalme George, alipomwuliza kwa nini alimsaidia adui wa baba yake, alijibu kwamba angemkuta yeye katika dhiki kama ile angemtendea vivyo hivyo. Hata kama maneno hayo yamepambwa na wasimulizi, mwenendo wake wote unayathibitisha.

Lakini nchi aliyorudia haikuwa ile aliyoiacha. Sheria zilizofuata Culloden ziliwanyang'anya watu wa milimani silaha zao, zikawakataza hata mavazi yao ya asili, katazo ambalo halikuondolewa mpaka mwaka 1782, na zikawavua wakuu wa koo mamlaka yao ya kale. Mkuu aliyekuwa baba akawa mwenye ardhi, na mtoto wa ukoo akawa mpangaji. Flora aliolewa na Allan, mwana wa Kingsburgh, mwezi wa Novemba 1750, wakazaa watoto saba. Na ingawa mwaka 1773 walimkaribisha mwandishi mashuhuri Samuel Johnson, wakamlaza katika kitanda kile kile alicholala Charles, nyumba ile ilikuwa imeelemewa na madeni, kodi zilipanda, na ng'ombe walikufa. Mwaka 1774 walifanya kama walivyofanya maelfu ya majirani zao: wakahama, wakaenda North Carolina, katika makoloni ya Amerika.

Hawakupata hata miaka miwili ya raha. Vita vya kupigania uhuru vilipozuka, Allan alijiunga na Waskoti waliosimama upande wa Mfalme George wa Tatu. Tarehe 27 Februari 1776 walijaribu kuvuka daraja la Moore's Creek, ambalo mbao zake zilikuwa zimeng'olewa na nguzo zake kupakwa sabuni na mafuta. Wakapigwa kwa dakika chache, na Allan akachukuliwa mateka. Flora alibaki mgonjwa katika nchi ya maadui, akahojiwa na kamati ya wanamapinduzi, akapoteza shamba na karibu vyote alivyokuwa navyo. Mwaka 1778 alimfuata mumewe New York, kisha Nova Scotia, na mwaka 1779 akaanza safari ya kurudi Uskoti bila mumewe. Wanawe wawili walipotea baharini katika miaka iliyofuata. Wapo wanaomlaumu kwa kuwa aliyemficha Stuart katika ujana alimtumikia mjukuu wa George katika utu uzima. Mimi sioni hitilafu hapo. Mwaka 1746 hakupigana vita vya Stuart hata siku moja, alimwokoa mtu. Mwaka 1776 mumewe alikuwa raia aliyeishika ahadi yake kwa serikali, naye akachukua sehemu yake ya hasara bila kunung'unika.

Flora alifariki Skye mwezi wa Machi 1790, miaka miwili baada ya Charles, aliyekuwa amedhoofishwa na ulevi na uchungu, kufa Rumi. Simulizi za kisiwani zasema kwamba alizikwa katika shuka alilolalia mgeni wa Kingsburgh, alilolihifadhi katika safari zake zote. Umati mkubwa wa watu ulimsindikiza mpaka makaburi ya Kilmuir, na mwaka 1899 sanamu yake ilisimamishwa mbele ya ngome ya Inverness, katika mji ule ule uliosikia mizinga ya Culloden.

Haifai kuficha kwamba mambo aliyoyapigania Charles yaliwagharimu watu wa milimani damu yao, ardhi yao na desturi zao, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kustahili kujitoa kwingi namna hiyo. Lakini thamani ya hifadhi haipimwi kwa thamani ya anayehifadhiwa. Ingekuwa hivyo, wakimbizi wachache mno wangepata mlango wa kubisha. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na watu wa Hebrides walilithibitisha neno hilo pasipo kulijua, kwa kukataa utajiri na kutoa nyumba zao. Basi msomaji anayetaka kumheshimu Flora MacDonald asitosheke na kuzitazama picha zake, bali amwangalie mtu aliyefukuzwa kwao na kufika mlangoni pake, ajiulize atamtendea nini kabla ya kumwuliza yeye ni nani.